Simu Hushinda Wapi

Kamati yetu ilikuwa na watu watano na feni moja, na feni ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Tulikutana katika chumba cha mikutano cha chuo ninachofundisha hapa Garissa, na tulikuwa tumepewa jambo moja la kuamua: mtu anayetaka kuitwa mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, yule anayefungua simu au kompyuta na kueleza mbele ya mahakama au bodi kilichotendeka ndani yake, ni lazima ajue nini? Tuandike orodha, tuigawie saa za masomo, kisha kozi ianze.

Nilifika kikao cha kwanza na orodha yangu tayari, imechapwa, kurasa nne. Nimefundisha kompyuta hapa kwa miaka tisa. Nilikuja kutoka bara na sanduku moja na nia ya kukaa miaka miwili, na sanduku lenyewe sasa limekuwa meza ya televisheni. Niseme ukweli mapema: mimi ni mwanamke wa hasira za karibu, na huwa mbaya zaidi ninapojua kwamba niko sahihi. Mwezi ule nilijua hivyo karibu kila siku.

Kijana mmoja wa idara yetu alitaka tufundishe programu zinazotumika sasa, hii na ile, bonyeza hapa, bonyeza pale. Nilimwambia kwamba programu hizo zitakuwa zimezeeka kabla wanafunzi hawajahitimu. Mimi nilitaka msingi: jinsi kifaa kinavyoandika na kufuta, jinsi saa ya simu inavyoweza kudanganya, jinsi ya kutoa nakala bila kubadilisha hata herufi moja, na jinsi ya kuonyesha kwa hesabu kwamba nakala na asili ni kitu kimoja. Juu ya yote hayo niliweka sharti moja na kulipigia mstari mara mbili: usiguse kitu kabla ya kukiandika.

Mwenyekiti wetu alikuwa hakimu mstaafu ambaye sasa anafuga ng'ombe Ijara na huja vikaoni na peremende mfukoni. Alizisoma kurasa zangu zote nne, kalamu nyekundu mkononi.

"Mwalimu," akasema, "hapa naona mashine nyingi. Watu wako wapi?"

Nilimjibu kwamba watu ni kazi ya polisi na mawakili. Akatia peremende mdomoni, akageuza ukurasa, nami nikajipongeza kwamba nimemnyamazisha.

Kabla ya kikao cha pili, bodi ya shule moja ya msingi upande wa Balambala iliomba chuo kiisaidie. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na Mto Tana ulikuwa umejaa. Alasiri moja, siku ya kuamkia mtihani wa kufunga muhula, ujumbe uliingia katika kundi la wazazi la shule hiyo: maji ya bwawa yamefunguliwa huko juu, yanafika leo, ondokeni kando ya mto. Familia za mashambani zikapakia vyombo na watoto kwenye mikokoteni ya punda, zikahamia mahali pa juu. Katika haraka hiyo mzee mmoja alianguka kutoka kwenye mkokoteni akavunjika nyonga. Maji hayakuja. Kesho yake watoto wengi hawakuonekana kwenye chumba cha mtihani, na wazazi wakaanza kutafuta mtu wa kumlaumu.

Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye simu ya mwalimu wa kike mwenye mwaka mmoja na nusu tu kazini, mzaliwa wa pale pale, aliyeajiriwa na bodi kwa mkataba. Mwalimu mkuu alisema kwamba darasa la huyo dada lilikuwa halijamaliza silabasi, na kwamba alikuwa akitafuta njia ya kuahirisha mtihani. Mwenyewe alisema jambo moja tu: hakutuma. Bodi ilipanga kukaa wakati wa likizo, kabla shule hazijafunguliwa. Ikimwona ana hatia, mkataba ungekatwa, na kwa doa la kueneza uongo uliomvunja mtu nyonga, hakuna shule nyingine ambayo ingempa chaki.

Aliileta simu mwenyewe, akiwa amevaa jilbabu ya kijivu. Alikuwa amefikia kwa jamaa zake hapa mjini. Tulisalimiana, nikampa fomu yangu yenye maswali matatu. Je, simu ni yako? Je, laini ni yako? Je, kuna mtu uliyempa namba yako ya siri? Akaandika ndiyo, ndiyo, na kwa swali la tatu akaandika kwamba simu haina namba ya siri. Nikashangaa kidogo moyoni kwamba mtu aliyesoma anaiacha simu wazi namna ile. Sikumuuliza sababu, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya sababu, na fomu niliitunga mimi.

Mgongoni mwa simu palikuwa na kibandiko cha karatasi, kimechakaa pembeni, kimeandikwa 14 kwa kalamu ya wino mzito. Mimi napenda vitu safi. Nilitaka kuipiga simu picha ya ripoti, na karatasi ile ilikuwa inaniudhi. Nikaibandua kwa ukucha, nikaifuta gundi kwa pamba na spiriti, na karatasi nikaitupa kwenye pipa. Dada yule alikuwa ananitazama muda wote. Nilipomaliza alishusha pumzi na uso wake ukalegea, nami nikadhani anafurahia kuiona simu yake inang'aa.

"Asante, madam," akasema.

Kazi yenyewe niliifanya kwa utaratibu wote ninaoufundisha. Nilitoa nakala, nikaihakiki, nikailinganisha saa ya simu na saa ya kweli, nikatafuta dalili za mtu kuingia kutoka mbali, sikuziona. Ujumbe ulikuwapo, mzima, umeandikwa kwenye simu ile ile. Nikaandika ripoti ya kurasa sita. Katika hitimisho niliandika kwamba mwalimu aliyetajwa alituma ujumbe huo saa kumi kasoro dakika nane alasiri. Niliipenda sana sentensi hiyo. Ilikuwa fupi, haikuwa na "huenda" wala "inawezekana", na wanafunzi wangu wangeisoma wakajua jinsi mtaalamu anavyosema.

Ndiyo maana niliipeleka kwenye kikao cha pili, majina nikiwa nimeyaficha, kama mfano wa kuwekwa kwenye mtaala. Hakimu mstaafu aliisoma mpaka mwisho. Kalamu nyekundu ikasimama kwenye hitimisho.

"Umeandika 'alituma'," akasema. "Ulimwona?"

"Rekodi zinaonyesha."

"Rekodi zinaonyesha simu ilituma. Mimi nimekuuliza juu ya mtu."

Nilimwambia mbele ya wote kwamba simu haijiandikii yenyewe.

"Kweli kabisa," akasema. "Basi kuna mkono. Mkono wa nani?" Halafu akaiweka kalamu chini, na sauti yake haikuwa tena ya kunichokoza. "Nilikaa kwenye kiti cha hukumu miaka mingi. Kuna watu niliowafunga kwa sentensi moja kama hii yako. Wengine walitoka, na nikikutana nao mjini wananisalimia vizuri. Hakuna kinachoniuma kama salamu hizo."

Nilikusanya karatasi zangu nikatoka. Ndiyo, mlango niliubamiza. Niliporudi maabara niliifungua ile nakala upya, si kwa kutafuta haki, bali kwa kutafuta kitu cha kumziba mdomo mzee wa watu. Nilisoma mambo ambayo mara ya kwanza nilikuwa nimeyaruka. Simu huweka kumbukumbu ya betri yake, na siku ile simu ya mwalimu ilikuwa imeunganishwa kwenye chaji tangu saa mbili kasoro asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ujumbe ulitumwa katikati ya muda huo. Nikampigia simu mwalimu mkuu, nikamuuliza kama darasani au ofisini mwao kuna umeme.

"Umeme?" akasema, na nilimsikia akicheka. "Hata kengele yetu ni rimu ya gari. Simu tunachajia sokoni kama watu wengine."

Hapo ndipo kibandiko kilinijia akilini. Niliangalia pipa. Lilikuwa limemwagwa siku nyingi. Nikafungua picha zote nilizokuwa nimepiga, na katika kila moja simu ilikuwa safi, inang'aa, haina kitu mgongoni. Mimi niliyelipigia mstari mara mbili sharti la kutogusa, nilikuwa nimeufuta ushahidi kwa spiriti mbele ya mshtakiwa, naye akaniambia asante.

Asubuhi nilichukua gari la chuo nikaenda Balambala. Soko nililikuta limechangamka, na kibanda cha kuchajia simu nilichokitafuta hakikuhitaji kuuliziwa: mabati juu, sola nne juu ya mabati, na mbele benchi la watu wanaongoja. Ndani alikuwamo mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mezani simu zilikuwa zimepangwa kwa mistari, kila moja na waya wake na kibandiko chake chenye namba. Kati ya kumi na tatu na kumi na tano palikuwa na nafasi tupu.

Nilikaa kwenye benchi karibu nusu saa kabla ya kusema shida yangu, na katika nusu saa hiyo nilijifunza kuliko katika vikao viwili. Watu wanaokuja kutoka mashambani na malishoni huacha simu zao asubuhi, wanapewa kijikaratasi chenye namba ile ile, wanarudi jioni. Simu ikilia mchana, mama anapokea. Nilimsikia akimwambia mtu upande wa pili kwamba mwenyewe yuko shambani, kisha akimwita mpita njia ampelekee huyo mwenyewe habari kwamba ngamia wake wamefika Hadado salama. Simu ya tatu ilipoingiza ujumbe, aliusoma, akaujibu, akairudisha mahali pake. Hakuna simu yenye namba ya siri pale mezani. Simu iliyofungwa mama hawezi kuipokelea, na simu isiyopokelewa, wao wanaona, ni ya nini?

Zamu yangu ilipofika nilimsalimia, nikajitambulisha, nikamuuliza moja kwa moja kama siku ya habari za maji simu ya mwalimu ilikuwa kwake.

"Ilikuwa kwangu. Kila siku iko kwangu," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Huyo ni mtoto ya dada yangu. Mimi ndiyo habaryar yake, mama yake mdogo. Mimi nimesomesha yeye na hii sola."

"Na ule ujumbe wa maji, mama, nani aliutuma?"

"Mimi," akasema, huku anapangusa vumbi kwenye waya. "Ndugu yangu anakaa huko juu ya mto. Alibiga simu, akasema maji imefunguliwa. Mimi nikatafuta simu iko na bando na iko kwa kundi ya wazazi. Ya mwalimu ilikuwa na fyote. Nikaandika haraka. Watu wangekufa, mimi ninyamaze?"

"Lakini maji hayakuja. Mbona hukusema kwamba ni wewe?"

Alinitazama juu ya miwani. "Watu walilalamika maji haikuja, mimi nikasema alhamdulillahi haikuja. Nani aliuliza nani ametuma?"

Bodi haikuuliza, mwalimu mkuu hakuuliza, na mimi mwenye kurasa sita sikuuliza. Nikamweleza taratibu kwamba binti wa dada yake angesimama mbele ya bodi wiki iliyofuata, na kwamba angeweza kufutwa kazi kwa ajili ya ujumbe ule. Mama aliutoa mkono kwenye waya akakaa.

"Aliniambia yuko Garissa kwa semina," akasema. "Wallahi, huyu mtoto ameniambia semina." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pindo la mtandio, na simu namba tisa ikalia mpaka ikanyamaza bila kupokelewa.

Niliporudi mjini nilimwita dada yule ofisini, nikamweleza niliyoyakuta sokoni. Nilitazamia shukrani, sitaficha. Badala yake alisimama akaniangalia kana kwamba nimemwibia.

"Nilikuona ukitoa ile namba, nikamshukuru Mungu," akasema. "Nilijua hutafika kwake. Madam, mimi nikikosa kazi hii nitatafuta nyingine. Yeye wakimshika, wakifunga kibanda, ataishi vipi? Yeye ndiye mama yangu."

"Na ungekubali uongo uandikwe kwenye faili yako?"

"Uongo umeuandika wewe," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nilisema sikutuma. Nilisema kweli tangu siku ya kwanza."

Nimeambiwa mambo makali katika maisha yangu, na mengi nimeyajibu papo hapo. Kwa hilo nikamwomba msamaha. Nilimwambia nitafanya nini, na kwamba mama yake mdogo tayari ameamua kuja kwenye kikao na hakuna wa kumzuia. Akakaa, akafunika uso kwa mikono. Baadaye kidogo alicheka. "Huyo hazuiliki," akasema. "Hata mto hauwezi kumzuia."

Siku ya bodi niliiondoa ripoti yangu ya kurasa sita na kusoma nyingine ya ukurasa mmoja. Nilisema simu ilituma ujumbe. Kwamba wakati huo ilikuwa kwenye chaji sokoni. Kwamba rekodi haziwezi kusema ni mkono wa nani. Nilisema pia kwamba ilikuwa na kibandiko cha namba, kwamba nilikibandua na kukitupa bila kukiandika, na kwamba kosa hilo ni langu, si la mtu mwingine. Mwenyekiti wa bodi aliniuliza kama sioni vibaya kujiaibisha hivyo. Nilimwambia naona vibaya sana.

Kisha mama akasimama, akasema maneno yake yale yale, kwamba alitafuta simu yenye bando. Aliongeza kwamba siku mbili kabla alikuwa amekwenda na wazee nyumbani kwa yule aliyevunjika nyonga, akaomba msamaha, akasamehewa. Mzee, alisema, alimwambia ni afadhali kuvunjika nyonga kuliko kuzama, ila siku nyingine amtafutie mkokoteni mzima. Watu wa bodi walicheka, hata mwalimu mkuu. Hawakuchukua muda mrefu kuamua. Mkataba ulibaki, mashtaka yakafutwa, na watoto waliokosa mtihani wakapangiwa siku ya kuufanya.

Katika kikao cha tatu cha kamati niliomba kuzungumza kwanza. Nilisimulia yote, pamoja na spiriti. Kisha nikapendekeza somo jipya, tukaliita Kifaa na Watu Wake: nani anakishika, nani anakipokelea, kinashinda wapi mchana, kinalala wapi. Mwanafunzi asifuzu mpaka aweze kuandika "simu ilituma" na "mtu alituma" kama mambo mawili, kila moja na ushahidi wake. Kijana wa idara yetu akauliza saa za somo hilo zitatoka wapi, maana ratiba ilikuwa imejaa hadi pomoni. Nikasema zitoke kwenye masomo yangu. Iliniuma kuzikata, nilizikata hivyo hivyo.

Hakimu mstaafu alinisogezea peremende kuvuka meza. Halafu akauliza wanafunzi watafanyia wapi mazoezi ya somo hilo. Nilikuwa nimeshapiga simu Balambala kuuliza. Mama alikubali kuwapokea wawili wawili, kila wiki, kwa sharti kwamba wapokee simu za watu kwa adabu na wasibandue kitu. Sharti hilo liliingia kwenye mtaala kama alivyolisema, na hakuna mjumbe aliyelipinga.

Shule zilifunguliwa Jumatatu. Nilikuwa ofisini nikisahihisha karatasi za wanafunzi ujumbe ulipoingia kutoka kwa namba ya dada yule: "Madam, ni mimi mwenyewe ninaandika. Niko darasani kwangu." Niliusoma mara mbili. Furaha ilinijaa kifuani, lakini kusema kweli nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa ujumbe uliotoka kwenye simu, basi. Nikampigia.

Alipopokea nilisikia watoto nyuma yake, wengi, wakiburuta madawati, na yeye akiwaambia wakae chini.

"Umeamini sasa?" akauliza.

Nikamwambia nimeamini.

"Basi niache nifundishe," akasema, akakata.